Niletee Mtoto, Usiniletee Gauni

Jina lake la mtaani lilikuwa Mama Pindo, na hakulichukia, maana alikuwa amelitolea jasho. Kila sare ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na pindo nene, limekunjwa ndani mara mbili, ili mtoto akirefuka sare irudi kwake, ifumuliwe, ishushwe, na maisha yaendelee mwaka mwingine. Mafundi wengine walibana pindo wakabaki na vipande vya kushonea foronya. Yeye alisema huo ni wizi, tena wizi wa kumwibia mtoto.

Alikuwa na sheria moja tu, na shule zilipokaribia kufunguliwa sheria hiyo ilisikika mtaa mzima. Mzazi mwenye haraka zake alifika kibarazani na gauni la mwaka jana ndani ya mfuko, akasema, "Fundi, pimia hili, ongeza kidogo." Mama Pindo alilisukuma gauni lirudi mfukoni bila hata kulikunjua.

"Niletee mtoto, usiniletee gauni. Gauni halikui."

"Mtoto yuko kwa bibi yake, fundi."

"Nenda kamlete. Au wewe mwanao unamjua kwa gauni?"

Mzazi aliondoka akinung'unika, na kesho yake huyo, amemburuta mtoto mkono. Mtoto alisimamishwa juu ya kigoda, mikono mbali na mwili, futi ikamzunguka kifuani huku fundi akimtania kuhusu meno yaliyong'oka. Watoto walimpenda. Hapakuwa na mtoto mtaani ambaye Mama Pindo hakujua vipimo vyake, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa wa kumzaa mwenyewe.

Alikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Msimu wa kufungua shule ulipoanza, kola zililala kitandani, mikono ya mashati ikalala juu ya mfuniko wa sufuria, na pini zikawa kila mahali, mpaka ndani ya viatu. Binti yake alikulia humo. Alimpa jina la Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa kazi yake ilikuwa kuokota vifungo na kuvitia puani. Siku moja, akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, Kifungo alikanyaga sindano ikakatikia unyayoni. Hospitali alikuwepo shangazi yake, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke aliyeolewa vizuri na hakujaliwa mtoto. Ndiye aliyemshika mguu wakati sindano inatolewa. Baba mtu alikuwa ameshakwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke, na njia ya kurudi ikampotea. Dada yake, yule muuguzi, hakupotewa na kitu.

"Wifi, huyu mtoto si wa kukaa kwenye pini," muuguzi alisema siku hiyo. "Nipe mimi. Msimu wako ukiisha utamfuata."

Ikawa desturi. Kila msimu Kifungo alipelekwa upande wa pili wa mji na kirago chake, na kila msimu mama yake alimfuata sare za mwisho zilipochukuliwa. Mwanzoni ilikuwa siku chache tu. Kisha likizo nzima. Desturi za namna hii zina tabia ya maji chini ya mlango, unaziona pale zinapofika katikati ya chumba. Mwaka mmoja ilikuja kazi ya masweta ya shule mbili kwa mpigo, na Mama Pindo akampigia wifi yake simu: mtoto abaki muhula mmoja, mmoja tu, asome huko huko. Mwalimu wa huko alikubali Kifungo avae sare yake ya kijani kwa muda. Masweta yakaisha, zikaja suruali. Mama Pindo alimpigia mwanawe simu kila Jumapili, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, na akajiambia kwamba kuongea ni sawa na kuonana. Kwenda hakwenda, mwaka mzima ukapita. Alichoka, na mimi simtetei, ila kuchoka kwake kulikuwa kwa kweli.

Sasa mwaka mpya ulikuwa unaanza na alishaapa. Kifungo anarudi nyumbani. Alikataa kazi tatu nzuri. Aliondoa kola zote kitandani, akafagia chumba, akapitisha sumaku sakafuni kwa magoti, kona hadi kona, akaokota kila pini. Mto mpya alikuwa ameununua. Alichobakiza ni sare, na kama mjuavyo mafundi, ya kwake ndiyo ilisubiri mwisho.

Alitoa gauni la zamani la Kifungo lililobaki nyumbani, limetundikwa nyuma ya mlango, akalilaza juu ya kitambaa cha kijani. Akaongeza vidole vitatu kiunoni. Akaongeza kiganja kizima chini, na pindo juu ya hapo. Mkasi ukiwa mkononi aliikumbuka sheria yake, na akacheka peke yake.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Mimi nahitaji futi ya nini?"

Akakata.

Jumapili asubuhi aliipiga pasi sare ile hadi marinda yakasimama, akaikunja kwenye mfuko pamoja na mkasi mdogo na uzi, maana fundi hatoki bila uzi, akapanda basi. Nyumba ya muuguzi ilikuwa na geti jeusi na ua uliofagiwa. Alipiga hodi. Geti likafunguliwa na msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri, na jicho la kazi likamtangulia Mama Pindo: mabega yametanuka, kifua kimeanza, kiuno kimepanda, mikono mirefu, huyu anahitaji kitambaa kingi. Kisha ndipo akajua anampima nani.

"Shikamoo, mama," Kifungo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekua mpaka unanitisha."

Walikumbatiana. Kichwa cha mtoto kilimfika kidevuni, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kichwa cha mtu. Muuguzi alitoka na kanga yake kiunoni, akamkaribisha wifi yake ndani kwa furaha isiyo na unafiki, akamwekea chai. Ni vigumu kumchukia mtu wa aina hiyo, na Mama Pindo alikuwa tayari anajaribu.

"Nimekuletea sare," alimwambia mwanawe. "Vaa nione, kisha ufunge mizigo. Kesho shule."

Kifungo alimtazama shangazi yake. Shangazi akatazama chai. Mtoto alichukua gauni, akaingia chumbani, akakawia. Alipotoka alikuwa amelivaa hivyo hivyo, maana alikuwa mtoto mtiifu. Zipu ilikuwa imekwama mgongoni, nusu njia. Mabega yalivutwa mbele kama mtu anayesikia baridi. Chini, gauni liliishia juu kabisa ya magoti.

"Ngoja," Mama Pindo alisema. "Pindo lipo. Mimi si huacha pindo?"

Alipiga magoti sakafuni na mkasi wake mdogo. Alifumua pindo lote, uzi baada ya uzi, akalishusha, akalivuta kwa viganja vyote viwili. Likashuka. Magoti yakabaki nje. Alilivuta tena, kana kwamba kitambaa kina huruma. Kifungo alisimama wima, mikono mbali na mwili, kama wanavyosimama watoto wa wateja.

"Mama, basi," alisema taratibu. "Acha. Ninayo nyingine."

"Nyingine ipi?"

Muuguzi ndiye aliyejibu. "Ya shule ya huku, wifi. Ya bluu. Ameshaandikishwa. Nilikwambia kwenye simu."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Nikakuuliza kama nimwandikishe, mwalimu alikuwa anataka jibu. Ukasema, fanya unavyoona, wifi. Nikakuuliza tena, una hakika? Ukasema, wewe fanya tu."

Mama Pindo alikuwa karibu kukana, kisha akakumbuka. Ilikuwa siku ya kola. Simu ilikuwa begani, cherehani inakimbia, na kola moja ilikuwa imepinda. Alikumbuka kola ile vizuri kuliko maneno. Alikuwa amesikia kila kitu na kukipitisha chini ya sindano, akajibu kama anavyowajibu watu wote msimu ukichacha: fanya unavyoona. Hakuna aliyemwibia mtoto. Alimtoa mwenyewe, mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Mimi sikukupa mtoto," alisema hata hivyo. "Nilikuomba unitunzie."

"Nimekutunzia. Mtazame." Muuguzi hakuinua sauti. "Simshikilii mtu, wifi. Yuko hapa. Muulize mwenyewe."

Bado alikuwa amepiga magoti. Ilibidi aangalie juu ili amwone mwanawe usoni, na hilo pia lilikuwa geni.

"Kifungo. Nyumbani huji? Nimefagia. Nimeondoa pini zote. Kitanda kitupu, nimekununulia na mto."

Mtoto alichezea zipu iliyokwama. Hakuwa na hasira, na Mama Pindo angeipokea hasira kwa mikono miwili. Alikuwa na aibu tu, ile ya mtu anayemkatalia mgeni.

"Huku nina rafiki zangu," alisema. "Na nikitoka shule, shangazi huniuliza nimesoma nini. Nitakuja kukuona, mama. Nitakuja likizo." Kisha uso wake ukabadilika, kama aliyejikwaa. "Lakini likizo wewe huwa na kazi."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anampangia mama yake ratiba, kwa upole, kama mtu anayeijua vizuri. Mama Pindo alitafuta likizo moja, moja tu, ambayo hakuwa na kazi, amtajie. Alitafuta sana.

Chai ilipoa. Mwishowe muuguzi aliinuka, akaenda kuleta ile sare ya bluu. Ilikuwa ya dukani, pana kama pazia, na ndefu kupita kiasi.

"Fundi wa huku hafungui Jumapili," Kifungo alisema. "Mama, unaweza kunibania?"

Kukataa angeweza. Alilifikiria, na sitasema hakulifikiria. Lakini kesho mtoto angesimama mstarini mbele ya wenzake na gauni linaloburuta, na huyo mtoto alikuwa wa kwake bado kwa jambo hilo moja. Alitoa futi shingoni, mahali ilipokuwa siku zote, akampima mwanawe. Mabega. Kifua. Kiuno. Urefu kutoka begani hadi chini ya goti. Alipima polepole kuliko alivyowahi kumpima mtu, akarudia kifua, akarudia urefu, ingawa namba hazikuwa na haja ya kurudiwa. Kifungo alinukia sabuni asiyoijua.

Akashona kwa mkono, ameketi kwenye kochi la wifi yake, mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili. Alibana ubavuni. Alifupisha mikono. Chini hakukata hata uzi mmoja. Alikunja kitambaa chote kilichozidi kuelekea ndani, mara mbili, akalitia pindo kwa mishono midogo isiyoonekana nje.

"Pindo lote hilo la nini, wifi?" muuguzi aliuliza.

"La mwakani. Na mwaka wa baada yake." Alikata uzi kwa meno. "Ukifika wakati wa kulishusha, usimpelekee fundi gauni. Mpeleke mtoto."

Kifungo alilivaa, likamkaa kama alizaliwa nalo. Akazunguka mara moja, akasema asante, mama. Mama Pindo alisindikizwa nao hadi kituoni, akarudi na mfuko wake na gauni la kijani ndani yake.

Kesho yake shule zilifunguliwa. Watoto wa mtaa walipita kibarazani na sare zake, wakamwamkia mmoja mmoja, akaitikia. Walipokwisha kupita alikuja baba mmoja, dereva wa lori, kachelewa, kijasho chembamba kikimtoka. Binti yake alikuwa amebaki nyumbani, anaona haya kwenda bila sare. Mkononi alikuwa na gauni la mwaka jana.

"Najua utanifukuza, fundi," alisema. "Lakini kama unaweza kupimia hili, ukaongeza kidogo."

Alisubiri yale maneno ya fundi. Majirani wawili waliokuwa wanafua nao walisubiri, maana maneno yale yalikuwa matamu kuyasikia yakimwangukia mwingine.

Mama Pindo aliona hana tena haki ya kumwambia mzazi mwenzake maneno yale, akalichukua gauni. Alilitandaza juu ya kitambaa, akalizungushia chaki, akachukua mkasi.

"Njoo mchana," alisema.

Dereva alisimama kidogo, kisha akaenda zake. Mama Pindo alikata, akakaa kwenye cherehani, akashona bila kuinua kichwa. Pindo alilitia jembamba, kama la fundi yeyote.