Mama Pombe wa Juu ya Tao

Zamani, kila kanisa la upande ule lilikuwa na picha ya mama pombe wake, mwanamke muuza pombe, motoni. Wachoraji walipochora Siku ya Hukumu juu ya tao, pale ukuta unapotenga madhabahu na sehemu ya watu, hawakumsahau: anaburutwa na shetani, jagi mkononi, kwa dhambi ya kupunja wateja. Bahati mbaya, aliyechora kanisa la Aldersby alipanga chumba kwa Hawisa, mpika pombe wa kijiji, akanywa pombe yake, kisha akampa mama pombe sura ya Hawisa. Hawisa, ambaye hakuwahi kumpunja mtu, alicheka tu. Haukupita muda akafa, akamwachia binti yake Sabina mapipa na dhihaka ya watu.

Dhihaka yenyewe haikuzeeka. Sabina naye akawa mpika pombe, na kila Jumapili, amesimama upande wa kaskazini na wanawake wenzake, alikaza macho sakafuni. Miaka nenda miaka rudi hakuutazama ukuta ule. Nani angeutazama?

Kwa hiyo moshi wa mishumaa ulipoifanya picha kuwa nyeusi, akaletwa mchoraji mpya aitwaye Hamo, Sabina alimwahi mlangoni, kando ya birika la ubatizo.

"Kaka, yule mwanamke wa jagi. Mfute."

"Jehanamu bila mama pombe? Watasema sijamaliza kazi."

"Weka mwoka mikate. Na wao si wezi?"

Hamo akacheka. "Haya, dada. Lakini panda unishikie ndoo ya chokaa, niko peke yangu."

Osbert, mzee wa kanisa, alikuwa akikwangua nta kwenye vinara. Akadakia: "Leo ndiyo leo! Hawisa anatolewa motoni, tena bila hata misa ya wafu!"

"Osbert, kwangu usikanyage. Utakunywa maji ya kisima."

Juu ya jukwaa la miti, Sabina akimshikia ndoo, Hamo alisugua masizi kwa mkate mkavu apate kuona pa kupaka. Uso ukatokea taratibu: jicho la kushoto dogo kidogo, kidevu chenye kishimo, mdomo uliobana kicheko. Sabina alishikwa na butwaa. Usiku mwingi alikuwa amejaribu kumkumbuka mama yake, akaambulia aproni na sauti tu. Pale kijijini ni bwana mkubwa peke yake aliyeacha sura yake, ya jiwe, amelala juu ya kaburi lake karibu na madhabahu.

"Lete chokaa," Hamo akasema.

Sabina akaikumbatia ndoo.

"Dada?"

"Ni mama yangu."

"Najua. Si ndiyo maana tunamfuta?"

"Nilishasahau alivyokuwa." Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta. "Wapake rangi upya wote, mashetani na malaika. Uso huu usiuguse."

"Abaki motoni?"

"Abaki nimwone."

Kule chini Osbert alirudi kukwangua nta.

Jumapili, padri alipoinua mkate mtakatifu, watu wote walinyoosha shingo kuchungulia kupitia matundu ya ukuta wa mbao mbele ya madhabahu. Sabina peke yake alitazama juu, upande wa kuume, kwenye moto.

"Shikamoo, mama," akasema, na watu wakageuka.