Mvumo wa Mwalimu Kuwabara

Klabu yetu ya waunda amplifaya pale Nipponbashi, Osaka, ina wanaume kumi na mmoja, na akili zetu zote zikikusanywa hazitoshi watatu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapanda ghorofani juu ya duka la vipuri, tunavua viatu, tunakunywa chai ya shayiri na kumsifu Mwalimu Kuwabara. Amplifaya zetu ni za taa za kioo, zile zisizoimba mpaka zipashwe moto. Umeme wa kuzipasha tunautengeneza kwa mchoro wa Mwalimu, vilevile ulivyo. Kuugusa mchoro huo ni utovu wa adabu.

Tamae, fundi wa lifti, alikuwa anaomba kuingia. Sharti ni moja, ambalo sisi wa mwanzo hatukuwekewa: amplifaya uliyoiunda kwa mchoro huo iwashwe mbele yetu, na iwe kimya kabla ya muziki. Yake ilivuma kama friji bovu.

"Ni risasi yako ya kulehemu hiyo, dada," alisema Hosokawa, ambaye hajawahi kushika pasi ya kulehemu bila kujiunguza. "Wanawake mna haraka."

"Nimelehemu upya mara tatu. Kidhibiti cha umeme nimebadilisha mara mbili."

"Basi badilisha fundi."

Wakacheka. Na mimi nilicheka.

Tamae hakubishana. Aliigeuza amplifaya tumbo juu, akatoa mita, akapima.

"Kidhibiti kinatakiwa kutoa volti sita nukta tatu," alisema. "Ili kizitoe, lazima kipokee nane na nusu au zaidi. Hapa kinapata saba na kitu. Kina njaa, ndiyo maana kinanguruma."

"Mchoro unasema tisa," alisema Hosokawa.

"Kwenye karatasi, ndiyo." Akamwinamia mzee. "Samahani, Mwalimu. Nyumbani kwako umeme wa ukutani ni volti ngapi?"

"Mia, kama kwa kila mtu." Mwalimu akasita. "Ila naupitisha kwenye kisanduku cha kuupandisha, kwa sababu ya vyombo vyangu vya Marekani. Unafika mia na kumi na saba."

"Na volti za mchoro ulizipimia kwenye kisanduku hicho?"

Bingwa wetu alikuwa amesahau kisanduku chake mwenyewe, na sisi kondoo tukanakili kwa miaka minne bila hata mmoja kuchomeka mita. Nilifurahi sana, nakiri.

"Basi kwa umeme wa mia, tisa zinashuka hadi saba na kitu, na si kwangu tu," alisema Tamae. "Zenu zote lazima zivume."

Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu. "Kuna mwingine ambaye yake inavuma?"

Hosokawa akazitazama soksi zake. Yake huwa naisikia hata kwenye simu. Wengine nao wakawa wanahesabu punje za shayiri vikombeni. Watu wazima, wajukuu wanao, na hakuna wa kufungua mdomo.

Tamae akanigeukia. Aliwahi kuja kwangu majira ya kuchipua kusikiliza yangu, akauliza ule mvumo ni wa nini, nikamwambia ndio utamu wenyewe wa taa.

"Bwana Niimi?"

"Yangu iko kimya," nilisema.

Mwalimu akashusha pumzi, akamwambia kwa upole arudi mwakani, akishajifunza kulehemu. Tamae alifunga amplifaya yake kwenye kitambaa, akatuinamia wote, akashuka ngazi.

Jumatatu nilinunua transfoma yenye volti zaidi, nikaifunga kwenye amplifaya yangu. Mvumo ukakatika pale pale, usisikike hata ukitega sikio. Tangu siku hiyo sijaiwasha.