Mgongo wa Tshinakaho

Tshinakaho alipovunjika mkono kwa kuteleza tu jikoni, nesi Lufuno alimwambia ukweli bila kuuzungusha. Mifupa yake ilikuwa kama gogo lililoliwa na mchwa, nje zima, ndani matundu.

"Basi nichimbieni kabisa," akasema Tshinakaho.

"Makaburini kuna foleni, bibi. Wewe njoo mazoezini."

Mdogo wake Ntsieni, fundi wa kujenga, ndiye aliyempeleka. Alikaa ukutani pale zahanati akiwacheka vikongwe walioshika migongo ya viti, wakinyanyua visigino na kuvishusha, halafu wakibeba chupa zilizojazwa mchanga.

"Unacheka nini, tumbo?" dada yake akamwambia. "Njoo unyanyue hilo lako."

Kicheko hakikudumu. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao azikwe, akakataa hata kuolewa mpaka yeye abalehe. Mvua zilipokwisha, Tshinakaho alikuwa anapanda kilima cha kisimani bila fimbo. Mwili ulioanza kupinda ukasimama tena. Nesi akafurahi, lakini akamwachia sharti moja.

"Hujapona, bibi. Umepata nguvu tu. Ukiokota kitu, kunja magoti, mgongo uwe wima. Usiukunje."

Ntsieni alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake.

Kisha Rofhiwa, mwana wa Ntsieni, akataka kuoa binti wa Mzee Netshilindi. Kwa Wavenda posa haiendi bila shangazi; yeye ndiye mdomo wa ukoo. Na shangazi akifika kwa wakwe hulosha: hujishusha mpaka chini, akalala ubavu, viganja vimekutana, kichwa kimeinama karibu na vumbi. Ndiyo salamu ya mwanamke. Bila hiyo hujafika.

"Nitapiga magoti," Tshinakaho alimwambia Ntsieni njiani. "Zaidi ya hapo utanisemea wewe."

"Nitakusemea, dada."

Aliingia uani kwa Netshilindi amenyooka kama mlingoti, kitambaa chake cha mistari begani. Wanawake wa pale wakatazamana. Akapiga magoti taratibu, mgongo wima, akakutanisha viganja.

Mzee Netshilindi akageukia ukuta, akanusa tumbaku yake.

"Huyu bado amesimama," akasema mkewe. "Au huko kwenu shangazi hulosha akiwa juu ya paa la nyumba?"

Wanawake wakacheka.

"Kameza mchi," mmoja akadakia. "Mpeni maji ushuke."

Tshinakaho aligeuza macho tu kumtazama mdogo wake. Ntsieni alikuwa na maneno tayari: dada yangu ni mgonjwa, mifupa yake haitaki. Lakini akamwona Rofhiwa karibu na lango, jasho linamtoka. Akafikiria watakavyosema, kwamba ukoo huu unaleta wagonjwa, kwamba mtoto atakayezaliwa atakuwa na mifupa ya mchwa. Na dada alikuwa na nguvu siku hizi. Si alikuwa akipanda kilima?

Ntsieni akatazama viatu vyake.

Dada yake alielewa. Akashusha mabega, akajikunja, akajilaza ubavu kwenye vumbi kama walivyolala bibi zake wote. Ntsieni alisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu chini ya kisigino. Hakuna mwingine aliyegeuka.

"Tumekuja kuomba moto," Tshinakaho akasema, uso ukiwa chini. Aliyasema maneno yote ya posa mpaka mwisho, sauti haikutetemeka. Mzee Netshilindi akageuka akaitikia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo ilipobidi watu wamwinue, na hakuinuka.

Harusi ilifanyika yeye akiwa kitandani. Pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimesagika, na akiketi alikunjika kama mundu, kidevu kikigusa kifua. Nesi Lufuno hakumgombeza mtu. Alimtazama Ntsieni mara moja tu, akatoka.

Sasa kila asubuhi Ntsieni humpelekea uji. Siku moja alimkuta akikitazama kiti kilicho karibu na dirisha.

"Dada, nisamehe."

"Harusi ilipendeza?"

"Ilipendeza."

"Basi shika kile kiti."

"Nifanye nini nacho?"

"Unajua. Ulikaa pale ukutani ukicheka, uliona yote. Na wewe ni wa mama yuleyule, mifupa ni hiyohiyo."

Ntsieni akashika mgongo wa kiti. Akanyanyua visigino, akavishusha. Machozi yalimtoka mpaka kwenye ndevu, akainamisha kichwa asionekane.

"Usijikunje," dada yake akasema, ameketi kitandani kidevu kifuani, macho yake yakifika magotini mwa mdogo wake tu, hayawezi kupanda zaidi. "Simama wima, mdogo wangu. Mimi sikuoni huko juu. Niambie kama umenyooka."

"Nimenyooka, dada," akasema Ntsieni, naye hakuwa amenyooka.