Siku Njema ya Kwenda Tirupati

Mume wangu Raghu alipokuwa na miaka minne aliugua homa ya matumbo, na mama yake akaweka nadhiri: mtoto akipona, nywele zake zitanyolewa Tirumala, mlima ulio juu ya mji wa Tirupati, kwenye hekalu la Bwana Venkateshwara. Mtoto akapona. Kisha mvua zikagoma, kisima kikakauka, baba mkwe akafariki, ikaja harusi yetu, akaja binti yetu Sinchana. Leo Raghu ana miaka arobaini na sita, na nywele zilizobaki ni zile za kuzunguka masikio.

"Bwana atapewa nini sasa, Mama?" humtania mama yake. "Kipara?"

"Atapewa kilichopo. Wewe kazi yako kuinamisha kichwa."

Kazi ya kupanga safari ilikuwa yangu. Kutoka kwetu Davanagere mpaka Tirupati ni zaidi ya kilomita mia tano, na Raghu msemo wake ulikuwa mmoja: "Wewe panga tu, mama Sinchana, mimi nitaendesha." Panga tu! Likizo ya shule ninayofundisha ilingane na ruhusa yake ya kazini. Tiketi za kuingia hekaluni hufunguliwa miezi mitatu kabla, nami niwe mbele ya kompyuta mapema, maana ukipiga chafya zimekwisha. Nitafute chumba cha kulala Kolar, kingine mlimani. Na siku zangu za mwezi zisiangukie humo, maana mwanamke aliye katika siku zake haingii hekaluni.

Mara ya kwanza, wiki moja kabla ya kuondoka, mama mkwe alifungua kalenda yake ya nyota akatikisa kichwa. Siku ina nuksi. Tukaahirisha. Mara ya pili goti lilimuuma, ingawa asubuhi ile alikuwa amepanda ngazi hadi darini kuanika pilipili. Tukaahirisha tena.

Mara ya tatu nilipata tiketi za Desemba. Nikapiga hesabu za mwili wangu, nikaona hazikubali, nikaanza kumeza vidonge vya kuchelewesha siku. Vilinipa kichwa cha kugonga na miguu ya kuvimba. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya watoto mia na kumi huku nimeweka miguu kwenye ndoo ya maji.

Siku nne kabla ya safari mama mkwe akaingia jikoni, kalenda kwapani.

"Veni, mwanangu. Ijumaa hii si njema."

"Kuhani amesema ni njema. Nilimuuliza mwenyewe."

"Kuhani yule ni mtoto wa juzi."

Nikazima jiko. Sikupiga kelele, hata nguvu za kelele sikuwa nazo. Nikakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye gunia la mchele. "Basi, Mama. Siendi. Mwambie mwanao atafute mtu mwingine wa kupanga. Mimi nimechoka."

Aliitoa kalenda kwapani, akaiweka chini. Kisha akaenda kurudishia mlango, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Maji hayanikai," akasema.

"Maji gani?"

"Maji gani! Unataka nikuchoree? Haja ndogo, Veni. Ikija haibishi hodi. Nikikohoa, imetoka. Nitakaaje garini siku mbili na mwanangu yuko mbele anaendesha?"

"Tangu lini?"

"Tangu Diwali ya mwaka juzi."

Nikakumbuka harusi ya kule mjini Harihar, alivyokataa maji kutwa nzima mpaka midomo ikapasuka, nasi tukadhani amefunga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini? Kwamba mimi Girijamma, niliyekulea wewe ulipoingia nyumba hii, nakojoa kama kichanga?"

Ningependa kusema nilimhurumia hapohapo. La. Kwanza nilikasirika, nikafikiria zile likizo mbili zilizopotea na vidonge vyangu, na maneno yakanitoka. "Na mimi nameza dawa kuzuia siku zangu, ili tu nikufikishe huko. Kichwa kinanipasuka."

"Unameza dawa? Bila kuniambia?"

"Kama ulivyoniambia wewe."

Akaanza kucheka kidogo kidogo, akishika tumbo. "Usinichekeshe, mwanangu, usinichekeshe, nitaharibu sakafu yako." Nami nikacheka, ingawa kila kicheko kiligonga kichwani.

Tiketi zile zikaenda na maji. Raghu nilimwambia shule imeninyima ruhusa. Nilimpeleka mama mkwe kwa daktari mwanamke, akapewa dawa na mazoezi ya kubana misuli, na nepi za watu wazima za safarini. Nepi ndizo zilizompa shida.

"Nisimame mbele ya Bwana nimevaa hivi?"

"Utakuwa umeoga, umevaa safi. Wazee wangapi wamesimama pale hivyohivyo?"

Pakiti aliichukua, akaificha chini ya sari zake za hariri.

Nikapanga upya, safari hii kwa vituo: Chitradurga, Hiriyur, Sira, Tumakuru, na kila penye choo cha kufaa katikati. Siku za kwenda na kurudi nikaziongeza, zikawa sita. Tarehe nikaiweka baada ya siku zangu kupita, bila kidonge. Tuliondoka watatu, Sinchana akiwa chuoni, mwezi wa Mei, joto kali, na wali wa ndimu kwenye kapu.

Tulipofika Sira, kituo cha tano, Raghu alipiga usukani. "Jamani! Nani tena?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe mwanamke, una kibofu cha shomoro?"

"Ndiyo. Simamisha gari. Mama, nisindikize, pale kuna mbwa."

Mama mkwe akashuka akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawana uvumilivu. Nilitamani kumfinya.

Kolar tuliingia jioni. Miguu yangu ilikuwa imevimba tena, na kesho yake palikuwa na mlima. Raghu akatoka kutafuta chakula. Mama mkwe akaoga, akabadili nguo, akaketi kitandani akiniuliza kesho tutasimama wapi na wapi. Nilianza kumtajia, nikafika Mulbagal, nikasinzia kabla sijamaliza.