Mwandishi Kwenye Banda la Gemu

Mwalimu Cornelia wa mtaa wa Izia alikuwa ametunga riwaya tatu, na katika zote watu wabaya walitubu kurasa za mwisho. Mumewe, Victor, alizisifu zote. Alizisifu akiwa amesinzia, karatasi zimemfunika kifuani, lakini sifa ni sifa.

Basi jumuiya ya kanisani ilipotafuta mtu wa kuwaeleza wazazi jinsi gemu za video zinavyoharibu akili, nani angefaa kuliko mtunzi? Cornelia alikubali papo hapo. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuiona gemu hata moja. Akajifunga kitenge juu ya sweta, akateremka mjini hadi kwenye banda la Fahadi, jirani na stendi, hasira akiwa nayo tayari.

"Shikamoo, mwalimu," Fahadi alisema. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Upande mmoja aliuza simu, upande wa pili alichezesha gemu.

"Marahaba. Niwekee iliyo mbaya kuliko zote."

"Ya mpira au ya kupigana?"

"Hakuna yenye hadithi?"

Fahadi akamwekea moja ndefu, ambayo mchezaji anakuwa mtu fulani, anazunguka nchi nzima, anazungumza na watu na kuchagua la kufanya. Akamshikisha pedi ya kuchezea, akarudi kwa wateja wake.

Cornelia akawa askari wa kukodiwa mwenye kovu shavuni. Jambo la kwanza alitafuta mtu wa kumwonya, lakini gemu haikuwa na kitufe cha kuhubiri. Kisimani, mama mmoja alimwomba amsaidie kumtafuta mumewe msituni. Cornelia alikuwa na haraka ya kufika kwa mfalme, akachagua jibu la "Sina nafasi." Mama akaitikia, akaendelea kuteka maji. Hakulia, hakulaani.

Aliporudi kwa njia ileile, mlango wa yule mama ulikuwa wazi, jiko limepoa, nguo zingali kwenye kamba. Cornelia akaizunguka nyumba akitafuta wa kumuuliza.

"Fahadi! Huyu mama kaenda wapi?"

"Mama yupi?"

"Wa kisimani. Nilimwambia sina nafasi."

"Sasa mwalimu, si ndivyo ulivyochagua?"

Cornelia akageuka kuutazama tena ule mlango ulio wazi. Mahubiri yote aliyowahi kuyaandika hayakuwa yamemchoma hivyo hata siku moja.

Jumapili, ukumbini, alizilaani gemu kwa ufasaha mkubwa. Zinakula muda, alisema, na hilo alilijua vizuri, maana wiki nzima alikuwa bandani kwa Fahadi akifanya utafiti. Wazazi wakampigia makofi.

Nyumbani akaitoa riwaya yake ya nne. Humo Leonsi, kijana wa kijiji cha Pito, alikuwa ameuza ng'ombe wa baba yake kwa siri, na padri alikuwa njiani kuja kumtubisha. Cornelia akamfuta padri, mahubiri yake na punda wake. Kisha akauliza kwa sauti, "Haya Leonsi, baba yako huyo mlangoni. Utasemaje?"

Leonsi, aliyekuwa akimtii mwandishi wake tangu sura ya kwanza, akadanganya. Alisema ng'ombe kaibwa na jirani yao, Masanja. Mzee akaamini, na Masanja akatiwa rumande. Cornelia hakumzuia. Akaandika tu, akimfuata nyuma.

Victor alipewa mswada mchana. Hadi wakati wa chakula cha jioni alikuwa bado yu macho.

"Masanja ana kosa gani?" alifoka. "Kwa nini umemwachia yule mtoto amsingizie?"

"Kachagua mwenyewe."

"Kachagua? Si wewe unayeandika?"

"Ndiyo mimi."

"Basi mrekebishe! Masanja anatoka lini rumande?"

"Sijui bado."

Victor akasukuma sahani, akachukua koti, akatoka nje kwenye upepo, amekasirika kwelikweli. Cornelia akaivuta ile sahani, akala na samaki wa mumewe, migebuka ya kukaanga. Hakuwa amekula kwa hamu namna ile siku nyingi.