Sauti ya Mereana kwa Wageni wa Panda

Mereana alisikia jina lake redioni akiwa amepiga magoti kwenye choo cha wanawake cha marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wao wa Kimaori, anasugua sakafu. Redio ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtangazaji alisema kwamba wataalamu kutoka China wanafika Jumamosi kukagua mahali watakapowekwa panda wawili, iwapo madiwani watapitisha mpango huo Alhamisi inayofuata, na kwamba watapokewa kwa heshima zote na wenyeji wa Maungaroa. "Mwito wa kuwakaribisha," akasema kwa sauti ya furaha kama anayetangaza bahati nasibu, "utatolewa na Bibi Mereana Pohatu."

Bibi Mereana Pohatu alikaa juu ya visigino vyake akaitazama redio.

"Nani kasema?" akaiuliza.

Hakuna aliyemwambia neno. Katika ukoo wao, mgeni akija husimama getini mpaka mwanamke wa nyumba amwite, na asipoitwa haingii, awe waziri, awe askofu. Mereana ndiye aliyeachiwa kazi hiyo na shangazi yake. Aliwahi kuwaita maharusi na maiti, na mara moja aliwaita wachezaji wa raga waliokuja wamelewa. Lakini kila mara aliombwa kwanza. Sasa anatangazwa kama ratiba ya basi.

Alijua ni kazi ya nani. Hakuwa na haja ya kupiga simu kwa watu wawili. Alimpigia mmoja, mdogo wake Tamihana, mwenyekiti wa baraza la ukoo, na kabla sakafu haijakauka Tamihana alikuwa amesimama mlangoni kwa viatu vya matope, anatabasamu lile tabasamu lake la tangu utotoni la mtu aliyevunja chungu.

"Usikanyage hapo," Mereana akamwambia.

"Dada, nilikuwa nakuja kukueleza."

"Redio imekuwahi. Umeniuza, Tamihana?"

"Nani kakuuza? Ni kukaribisha wageni tu. Wachina wanataka kuona wenyeji wameridhia. Kamera itachukua picha, madiwani wataangalia Alhamisi, basi."

"Kwa hiyo nikifungua mdomo nimeridhia."

Tamihana akajikuna shingo. "Ndivyo itakavyoonekana."

"Na nyumba ya kiwi?"

Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka. Nyumba ya kiwi, ndege wasioruka wa mlima wao, ilikuwa ndani ya bustani ya wanyama ya jiji, chini ya miti, kwenye kijito. Vicheche walipokuwa wakiwamaliza ndege wale kule mlimani Maungaroa, ukoo ulikubali mayai yapelekwe mjini yakaanguliwe, kwa ahadi moja: vifaranga wakikomaa warudi mlimani kwao, na nyumba ile isifungwe mpaka mlima uwe salama. Meneja wa bustani wa wakati ule alikula yamini mbele ya kaburi la baba yao. Tangu hapo vifaranga walikuwa wakirudi kila mwaka, wanabebwa ndani ya masanduku, na watoto wa shule wanatoroka masomo kwenda kuwaona. Mlima haukuwa salama bado. Na sasa panda walihitaji kivuli na kijito.

"Watahamishiwa Kisiwa cha Kusini," Tamihana akasema. "Kuna watu wazuri huko."

"Watoto wa Maungaroa wakalelewe Kusini. Na wewe ukasema ndiyo."

"Nilisema tutafikiria! Dada, sikiliza. Meya ameahidi kazi. Watoto wetu wote wanakimbilia Australia kubeba zege. Panda wakija watalii watakuja, hoteli zitajaa, na vijana wetu watakuwa wa kwanza kuajiriwa."

"Ameahidi kama yule mwingine alivyoahidi kaburini kwa baba?"

Tamihana akatazama viatu vyake vya matope. Ukweli ni kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mereana zaidi. Mtu mbaya unamfukuza kwa ufagio. Huyu alikuwa mtu mwema aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na anashukuru kwa kung'aa.

"Siwaiti," Mereana akasema, akarudi kusugua.

"Basi watasimama getini mvuani. Wageni wa watu, wazee wengine, wamesafiri siku nzima. Aibu itakuwa ya nani? Ya meya? Itakuwa yetu, Dada. Unajua hivyo."

Alijua. Hilo ndilo lililomfanya atupe brashi ndani ya ndoo, maji machafu yakamrukia Tamihana suruali nzima.

Jioni hiyo alikuja Hinewai, binti wa Tamihana. Hinewai alikuwa ofisa uhusiano wa bustani ya wanyama, msichana mwerevu, kidomodomo, na ndiye ambaye Mereana alikuwa akimfundisha kuita ili siku moja achukue nafasi yake. Alikuja na sare yake ya kijani na macho mekundu.

"Shangazi, usinigombeze kabla sijamaliza."

"Sijaanza bado. Kaa."

"Mimi nimepangwa upande wa wageni. Ndimi nitakayekujibu."

Mereana akavuta pumzi. Mwito haupigwi upande mmoja; wageni nao huja na mwanamke wao wa kujibu. Wachina hawakuwa na mtu, kwa hiyo ofisi ilikuwa imewapatia.

"Nani kakupanga?"

"Meya mwenyewe. Anasema itapendeza kwenye kamera, shangazi na mpwa." Hinewai akasitasita. "Na amesema ukikataa si tatizo. Tuna rekodi yako."

"Rekodi gani?"

"Ile ya siku mayai ya kiwi yalipoletwa mjini. Watu wa ofisini wanasema ni nzuri sana, inasisimua. Wataipiga kwenye spika getini."

Siku ile, alipoyatoa mayai mlimani, Mereana hakuwa amekaribisha mtu. Alikuwa anaaga. Alilia mbele ya masanduku kama anavyowalilia wafu, akiwataja mababu mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa kuwatoa watoto wao nyumbani. Na watu hawa walikuwa wanataka kuuchukua msiba ule waupige kwenye spika kuwakaribisha wanyama watakaochukua nyumba ya ndege walewale. Hawakuwa hata wanafanya kwa ubaya. Walikuwa wameusikia ule mwito mara mia ofisini wakinywa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza unasema nini.

"Uliwaambia?" akauliza.

"Nilimwambia bosi. Akasema wageni hawataelewa hata hivyo."

"Na wewe ukanyamaza."

"Shangazi, nina mkopo wa nyumba! Nina mtoto! Wewe unafikiri kupiga kelele ni rahisi kwa kila mtu?"

"Kwangu ni rahisi?" Mereana akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Sauti yangu wanaichomoa kwenye droo kama king'ora cha gari la aiskrimu, na unaniuliza kuhusu urahisi? Waambie wazime spika yao. Jumamosi nitakuja mwenyewe."

"Utawaita?"

"Nitawaita. Na wewe jiandae kunijibu, maana sitakupa maneno tuliyozoea."

Hinewai alitoka bila kunywa chai.

Jumamosi mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayolowanisha bila kujionyesha. Mereana alisimama barazani mwa nyumba kubwa kwa nguo nyeusi na shada la majani kichwani. Ng'ambo ya uwanja, nje ya geti, aliwaona wageni: Wachina saba chini ya miavuli, mbele yao mwanamke mfupi wa makamo aliyeukunja mwavuli wake alipoona wenyeji hawana. Huyo ndiye Daktari Luo, kiongozi wao. Pembeni yake alisimama Meya Tulloch, koti zuri, amevaa pini ya panda kifuani kana kwamba kura imeshapigwa. Mpiga picha alikuwa tayari. Na mbele yao wote Hinewai, mweupe kama karatasi.

Mereana alikuwa amekasirika sana. Lakini hakuwa na ugomvi na yule mwanamke aliyekunja mwavuli. Akaanza naye.

Aliwaita kwa sauti ndefu, kutoka tumboni, kwa Kimaori. Njooni, wageni mliovuka bahari. Njooni na wafu wenu, wakutane na wafu wetu, walie pamoja. Hinewai akajibu kama alivyofundishwa, sauti yake nyembamba lakini imenyooka: tumeitika, tunakuja, tumewabeba wafu wetu. Wageni wakaanza kutembea polepole. Walipofika katikati ya uwanja wakasimama, wakainamisha vichwa, kama desturi. Meya alichungulia saa yake.

Ndipo Mereana akaita mara ya pili, na uwanja mzima ukamgeukia.

Tembeeni taratibu, wageni, maana mnapita walipopita watoto wetu. Watoto wa Maungaroa walitolewa mlimani kwa kiapo, na kiapo kimetupwa. Wanafukuzwa nyumbani ili wenu wapate pa kulala. Sisi hatukuulizwa. Sauti hii si ridhaa! Nani kati yenu atanijibu?

Wazee kwenye viti walikaa wima. Tamihana aliangalia chini. Meya Tulloch, mzaliwa wa jiji lile, mtoto wa mzaliwa wa jiji lile, alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kwa kufurahia, akamnong'oneza msaidizi wake, "Maridadi kweli."

Wote sasa walimngoja Hinewai. Alikuwa na maneno yaliyozoeleka, angeweza kuyasema, na Mchina yeyote au diwani yeyote asingejua tofauti. Mereana alimwona akimtupia meya jicho. Moyoni akasema, ukinisaliti, mwanangu, siku moja nitakusamehe, lakini si leo.

Hinewai akainua uso.

Tumekusikia, mama wa nyumba. Mimi ni mtoto wa Maungaroa niliyesimama na wageni, na nakujibu: ni kweli. Nilikijua kiapo, nikanyamaza. Hamkuulizwa ninyi, na wageni hawa hawakuambiwa. Hawana hatia. Wapokee.

Alimaliza machozi yakimchuruzika, na hakuyafuta. Mereana naye aliona uwanja umekuwa na ukungu, akawaita waingie.

Tamihana ndiye aliyepaswa kutoa hotuba ya kwanza. Kila mtu alijua ameiandaa wiki nzima, yenye watalii na hoteli na urafiki wa mataifa. Alisimama, akawasalimu wafu, akawasalimu wageni kwa majina yao, akakaa. Hakutamka panda hata mara moja.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa chakula, baada ya kusalimiana kwa kugusanisha pua kama desturi, ndipo Daktari Luo alipomvuta Hinewai mkono. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, neno kwa neno.

"Ulinijibia mimi," akasema. "Ulikuwa unalia. Nataka kujua nimesema nini."

Meya akadakia upesi. "Ni mambo ya jadi tu, Daktari. Mashairi. Kukaribisha, mababu, mambo kama hayo."

"Sawa," Daktari Luo akamgeukia. "Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama huyu. Alisema nini?"

Mpiga picha alikuwa bado anarekodi, maana aliambiwa asikose kitu. Meya aliangalia sahani yake, akamwangalia msaidizi wake, naye msaidizi akaangalia dirisha.

Hinewai akamweleza. Hakupunguza wala kuongeza, sentensi kwa sentensi, ya shangazi yake na ya kwake, pamoja na habari ya nyumba ya kiwi na kiapo cha kaburini. Daktari Luo alisikiliza bila kula. Mwishowe alimgeukia Mereana.

"Mama, ninyi mmekubali?"

"Hapana," Mereana akasema. "Si kwa nyumba ile."

"Tuliambiwa palikuwa patupu." Daktari Luo akaweka uma mezani. "Nitaandika nilichosikia. Siwezi kuandika kingine."

Meya Tulloch alisubiri mpaka yule daktari awageukie wenzake. Kisha akamwinamia Hinewai, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Jumatatu usisumbuke kuja kazini."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mereana alikuwa nyuma yake na sinia la nyama. Hasira ilimpanda mpaka akaona masikio yanaziba. Mtoto wa watu amepoteza kazi, ana mkopo, ana mwana, na aliyemsukuma mpaka hapo ni yeye, shangazi yake. Alitamani kumwagia mtu yule sinia zima kichwani, mchuzi na yote, na angelala usingizi mzuri. Lakini mgeni uliyemwita mwenyewe hapigwi, wala haondoki na njaa.

"Rudia," akamwambia. "Rudia kwa sauti, baba yake asikie."

Tamihana alikuwa ameshasimama upande wa pili wa meza.

"Haya ni mambo ya ofisini, Mama Mereana," meya akasema, masikio mekundu.

"Ndiyo maana hapa nakulisha tu. Leo wewe ni mgeni wangu, na nimefungwa mikono." Akamwekea kipande kikubwa cha nyama, kisha kingine, mpaka sahani ikajaa. "Kula ushibe. Alhamisi nakuja kwenye kikao chako na ukoo mzima. Huko mgeni nitakuwa mimi, na sina wajibu wa kukulisha wala kukustahi."

Meya akashika uma. Mereana akaliweka sinia chini, akaenda kukaa karibu na Hinewai, akamshika mkono chini ya meza.