Tumbawe Lililotembea

Wendell alijua kwamba Jumamosi ile, asipoharibu kitu, huenda mkewe Marlys na Lyle, kaka wa Marlys, wakakaa tena meza moja. Tangu mazishi ya baba yao Lyle hakukanyaga kwao, na ugomvi haukuwa wa nyumba wala shamba. Ulikuwa wa tumbawe. Kitawi cha zambarau kisichozidi kidole gumba, ndicho pekee kilichosalia cha tangi la kioo la maji ya chumvi ambalo mzee alilipenda kuliko watoto wake wote wawili, na wala hakuficha. Marlys alimpa mumewe akilee. Lyle akanuna, na mtu wa Duluth, mji wao wa baridi, akinuna hagombi. Anakuwa na shughuli nyingi tu.

Sasa alikuwa amekubali kuja kuona kama lipo hai. Basi Ijumaa jioni Wendell alifanya kila kitu kwa adabu. Alivaa glavu na miwani, maana matumbawe mengine yana sumu isiyo na mchezo. Alikausha kitako cha tumbawe, akakipaka supa gluu nzito, akalibandika majini juu ya jiwe la duara lenye ukoga, akalishikilia mpaka likashika. Akalala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Asubuhi jiwe halikuwepo.

Lyle alikwisha kufika sebuleni, koti hajavua, theluji inamyeyukia mabegani.

"Liko wapi, shemeji?"

"Lilikuwa hapo."

"Wendell," Marlys alisema, "jiwe linakwenda wapi?"

Lilikuwa linakwenda kushoto. Konokono mnene alikuwa anapanda kioo taratibu, na tumbawe la marehemu mgongoni.

"Umembandika baba kwenye konokono!" Lyle alipiga kelele. "Akidondoka je? Si litafukiwa mchangani life? Nipishe!"

"Vaa glavu, Lyle."

"Mimi nimekulia kwenye haya matumbawe. Wewe umeyapata kwa kuoa tu."

Akamchomoa konokono, akalibandua tumbawe kwa kisu kidogo, akalipaka gundi kwa vidole vitupu kama anayepaka mkate siagi, akalikandamiza kwenye jiwe kubwa la katikati. Hilo lilikuwa jiwe kweli. Alipotaka kutoa mkono, vidole viwili vikakataa.

"Leteni ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, inayeyusha gundi!"

"Ndani ya tangi? Utaua kila kitu," Wendell alisema. "Usivute. Gundi italegea yenyewe polepole."

Basi mgeni akabaki juu ya stuli, mkono majini mpaka kwapani. Wendell alimwonea huruma, na pia alitaka sana kucheka, kwa hiyo akaenda kusimama jikoni kidogo. Marlys akapita na sahani ya viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga.

"Utakula?"

"Aa, usijisumbue."

"Kidogo tu, nikulishe."

"Hapana, niko sawa."

Marlys akaanza kuirudisha sahani.

"Unaona!" Lyle alifoka, maji yakaruka. "Ndivyo ulivyonifanyia! Uliniuliza mara ngapi kama nalitaka tumbawe la baba?"

"Mbili. Ukakataa zote."

"Mbili! Mtu gani mwenye adabu anakubali kabla ya mara ya tatu? Mama alitufundisha nini?"

Marlys aliketi kwenye mkono wa kochi, sahani mapajani. "Nilikuwa nimechoka siku ile, Lyle. Nilisahau ya tatu."

"Nilingoja," Lyle alisema. "Nilingoja mpaka kwenye gari."

Hakuna aliyecheka. Wendell alichungulia kutoka jikoni akasema, kwa woga, kwamba tumbawe likikatwa vipande viwili, vyote huota.

"Unataka nusu?" Marlys alimuuliza kaka yake.

"Msijisumbue."

"Lyle, unataka?"

"Nyinyi mnalihitaji zaidi."

Marlys akajifuta macho kwa kiwiko, akachota kijiko cha viazi.

"Unalitaka?"

Vidole vilikuwa vimekwisha kuachia. Lyle hakuutoa mkono.

"Kama si usumbufu," alisema, akafungua mdomo.